Hija ya Mlima Sinai: kipi kinastahili fedha yako na kipi ukikwepe

Kifurushi kinachouzwa zaidi cha Mlima Sinai ni kile cha usiku mmoja. Basi dogo linawachukua watu jioni kwenye hoteli za Sharm el-Sheikh au Dahab, linapita vizuizi vya polisi kimoja baada ya kingine, na kuwashusha karibu na Monasteri ya Mtakatifu Katerina usiku wa manane. Wanapanda gizani, wanasubiri jua, wanashuka, wanapitishwa monasterini mbiombio, na mchana wako barabarani kurudi pwani. Kwa anayetaka picha ya mawio, biashara imeisha vizuri. Kwa aliyekuja kuhiji, kifurushi hicho kina hitilafu ambayo haiondoki hata ukilipa zaidi: kinamfikisha mtu mahali patakatifu akiwa amekesha, ana baridi, na anatazama saa.

Mlima wenyewe hauna kosa. Kinachohitaji kupimwa ni huduma zinazouzwa kuuzunguka, na hizo hazilingani ubora hata kidogo.

Jabal Musa, kama Waarabu wanavyouita, uko kusini mwa rasi ya Sinai, Misri, na una urefu wa mita 2,285. Jirani yake, Jabal Katerina, unapita mita 2,600, lakini mapokeo ya Wakristo tangu karne ya 4 yameushika huu mfupi kuwa ndio aliopanda Musa kupokea Amri. Miaka ya 380 mwanamke hujaji aitwaye Egeria alifika hapa, akaandika kwamba hupandi kwa kuzunguka polepole. Unakwenda moja kwa moja juu kana kwamba unaukwea ukuta. Malalamiko yake yalijibiwa baada ya karne nyingi. Katikati ya karne ya 19 mtawala wa Misri, Abbas Pasha, aliagiza ichongwe njia pana ya kupinda-pinda, na hiyo ndiyo inayoitwa leo njia ya ngamia. Ile njia ya kale ya ukuta bado ipo, imepangwa ngazi za mawe, na tutaifikia.

Kutoka monasterini hadi kileleni unapanda mita 700 hivi. Kwa njia ya ngamia ni kilomita 6 au 7, na mtu wa kawaida huchukua saa mbili na nusu hadi tatu na nusu. Wazee na watu wazito wahesabu nne. Jua huchomoza kati ya saa kumi na moja na nusu alfajiri na saa kumi na mbili na nusu hivi, kutegemea majira, na mwanga wa kwanza hutangulia kwa nusu saa. Piga hesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Vikundi vingi huanza mapema kupita kiasi, vinafika juu saa kumi usiku, kisha vinakaa saa nzima na zaidi kwenye upepo vikitetemeka. Kiongozi anayekuambia "twende saa saba" kila mwezi wa mwaka hajapanga kwa ajili yako. Amepanga kwa ajili ya basi. Mwambie hesabu yako, na kama kikundi chako kina mwendo mzuri, dai kuanza saa nane.

Kiongozi ni wa lazima, huwezi kupanda peke yako. Hutoka kabila la Jebeliya, Wabedui ambao kwa mapokeo yao ni wazao wa watu walioletwa na Kaisari Justiniani katika karne ya 6 kuilinda monasteri na kuihudumia. Katika huduma zote zinazotolewa pale, hii ndiyo bora. Wanaujua mlima hata bila tochi, wanajua nani katika msafara anaanza kuishiwa nguvu kabla yeye mwenyewe hajakiri, na hawana haraka. Upungufu wao ni mmoja tu: wengi si waelezaji. Usitegemee kusomewa Maandiko njiani wala kupewa historia ya kila jiwe. Kikundi kije na msomaji wake, na masomo yawe yamechaguliwa kabla: Kutoka 3 kwa ajili ya monasteri, 1 Wafalme 19 kwa ajili ya Bonde la Eliya, Kutoka 19 na 24 kwa ajili ya kilele. Yachapishwe kwa herufi kubwa. Simu kwenye baridi ile hupoteza chaji upesi, na kumulika Biblia ya maandishi madogo kwa tochi ya kichwani kunachosha macho.

Kisha ngamia. Hawa utawasikia kabla ya kuwaona, kwa maana wachungaji wao hukaa gizani kando ya njia na kumwita kila apitaye. Bei huanzia juu pale chini mlimani na huzidi kushuka kadiri unavyopanda. Ina mantiki, njia iliyobaki imepungua, lakini mnunuzi mwenye subira hunufaika. Patana mambo matatu kabla ya kupanda: bei ni ya kwenda tu au kwenda na kurudi, ni ya mtu mmoja au ya ngamia, na mwisho wa safari ni wapi. Lipa ukishashuka. Mwisho wa ngamia ni pale ngazi za mwisho zinapoanza, hakuna ngamia anayefika kileleni, na anayekuambia vinginevyo anakudanganya. Watu wamelipa wakidhani wameepuka kupanda, kisha wakakuta ngazi 750 zinawangoja.

Namna ya kumpanda ina maana, hasa kwa wenye mgongo mbovu. Ngamia akiinuka hunyanyua miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo mpandaji hurushwa mbele ghafla. Shika nguzo ya tandiko kwa mikono miwili na ulalie nyuma kabla hajaanza kuinuka. Akilala hupiga magoti ya mbele kwanza, unarushwa mbele tena, na hapo ndipo wengi hujigonga kifua kwenye ile nguzo kwa sababu walishalegeza mikono. Tandiko ni la mbao lililofunikwa blanketi. Baada ya saa moja mapaja ya ndani huuma na miguu iliyokuwa ikining'inia hufa ganzi kwa baridi, maana mwili hautembei kutoa joto. Anayepanda ngamia avae nguo nyingi kuliko anayetembea, jambo ambalo hakuna anayelisema pale chini. Kushuka kwa ngamia hatukushauri kabisa, labda kwa aliyeumia mguu.

Hukumu juu ya ngamia: mchukue kama goti, moyo au umri unakulazimu, au kama kumsaidia mzee mmoja kutaokoa mwendo wa kikundi kizima. Mwenye afya atembee. Njia ni pana, mwinuko wake ni wa taratibu, na hatari kubwa ni kukanyaga kinyesi cha ngamia au kusukumwa kando na ngamia anayekuja kasi nyuma yako. Ukisikia hatua za ngamia na mwito, simama upande wa ukuta wa mlima, kamwe usisimame upande wa bonde.

Vibanda vya chai vipo njiani kwa vituo, vinauza chai ya sukari nyingi, kahawa, maji, biskuti na chokoleti. Bei hupanda pamoja na mlima kwa sababu kila chupa imebebwa, na hilo ni haki. Faida yake halisi ni joto na benchi la kukalia, kwa hiyo usione uchungu kununua kikombe kimoja katika kibanda cha juu kabisa ili upate pa kukaa hadi mwanga ukaribie. Maji beba mwenyewe, lita moja na nusu kwa mpando wa usiku, mbili na nusu kama unapanda mchana. Vyoo vya njiani ni vya kuvumilia tu. Karatasi na dawa ya mikono uje navyo, pamoja na noti ndogo za paundi za Misri. Noti ndogo ni jambo la kuandaa siku moja kabla, maana mlimani hakuna anayekuwa na chenji, au ndivyo watakavyokuambia.

Kutoka kituo cha mwisho cha ngamia, njia inapita kwenye mwanya mwembamba wa miamba na kukutana na ngazi za kale. Hapa ndipo foleni inapoanza. Ngazi 750 za mwisho ni mawe yasiyolingana: moja ina kimo cha kiganja, inayofuata inafika gotini, nyingine imelainishwa na nyayo hadi inateleza. Usiku wenye vikundi vingi watu hujazana, waliochoka husimama katikati, na walio nyuma husukuma. Suluhisho ni kutangulia foleni kwa dakika ishirini au kuiacha ipite, na kuweka mtu mwenye tochi mbele na mwingine nyuma ya kikundi. Panda kwa ngazi ishirini ishirini, pumzika, endelea. Urefu huu si wa kumletea mtu mwenye afya ugonjwa wa mwinuko, ila pumzi itapungua kidogo na moyo utagonga.

Kileleni kuna kanisa dogo la Utatu Mtakatifu, lililojengwa mwaka 1934 kwa kutumia mawe ya kanisa la zamani lililokuwa limebomoka, na msikiti mdogo kando yake. Kanisa hilo kwa kawaida hufungwa. Hili liandikwe kwa wino mzito katika kila tangazo la safari, kwa sababu mahujaji wengi hupanda wakitarajia kuingia kusali. Sala hufanyika nje, kwenye mawe, na usiku wa kujaa utasali katikati ya watu wanaopiga picha na kupayuka. Blanketi na magodoro hukodishwa hapo juu. Ni mazito, yana joto, na yamepita mabega mengi. Mwenye pua nyepesi abebe skafu ya kutandika katikati.

Kwa kikundi kinachotaka sala yenye utulivu kuna njia iliyo bora zaidi, nayo haiuzwi sana: kupanda alasiri na kuona machweo. Unaanza saa saba au saa nane mchana wakati wa baridi, saa tisa wakati wa joto. Watu ni wachache mno, miamba inabadilika rangi kuanzia kijivu hadi wekundu wa shaba, na unashuka kwa tochi kwenye njia ya ngamia, ambayo ni laini kutosha kwa giza. Unalala, na asubuhi unaingia monasterini ukiwa na akili timamu. Kama ni lazima mawio, basi fika mji wa Mtakatifu Katerina mchana uliotangulia, ulale kwa muda wa saa tano, ndipo upande. Malazi yapo: nyumba ya wageni ya monasteri nje ya kuta zake, hoteli za kiasi, na kambi za Wabedui kijijini Milga, mwendo mfupi wa gari kutoka monasterini. Tangu mwaka 2021 serikali ya Misri imekuwa ikiendesha mradi mkubwa wa ujenzi katika eneo hili, kwa hiyo hoteli, maegesho na barabara vinabadilika. Thibitisha kwa mwenyeji wako mahali gari litakaposimama na umbali wa kutembea hadi kizuizini.

Kushuka ndiko wengi wanakoharibu. Kiongozi wa kifurushi atawarudisha kwa njia ileile ya ngamia kwa sababu ni rahisi kuhesabu watu. Wenye magoti mazima wadai Ngazi za Toba. Hizi ndizo ngazi 3,750 ambazo mapokeo husema zilijengwa na mtawa mmoja kama malipizi ya dhambi. 750 ulishazipanda, zilizobaki 3,000 zinateremka kutoka Bonde la Eliya moja kwa moja hadi nyuma ya monasteri. Bondeni kuna miberoshi mikongwe, kisima, na kikanisa cha Eliya, palipohusishwa na pango ambamo nabii alisikia sauti ndogo, ya utulivu. Asubuhi saa moja, wakati vikundi vyote vimekimbilia njia ya ngamia, hapa pana kimya. Hapa ndipo pa kusoma 1 Wafalme 19 na kukaa nusu saa.

Chini kidogo ngazi zinapita kwenye malango mawili ya mawe. Moja ni Lango la Toba, ambapo mtawa Stefano, aliyefariki karne ya 6, hukumbukwa kwa kuketi akiwaungamisha mahujaji kabla hawajaruhusiwa kuendelea juu. Utaratibu ulikuwa hivyo: huungami, hupandi. Kikundi chenye padre kinaweza kupanga maungamo hapo, na ni mpango mzuri kuliko kuyafanya kwenye basi. Kwa upande wa mwili, ngazi hizi ni kali. Shuka ubavu ubavu zinapokuwa ndefu, tumia fimbo mbili, funga kamba za viatu juu zaidi ili vidole visigonge mbele. Hesabu saa moja na nusu hadi mbili. Usiku zisijaribiwe hata kidogo, baada ya mvua au theluji pia, na muulize kiongozi tangu jana yake kama zimefunguliwa siku hiyo.

Sasa monasteri, ambayo kifurushi huichukulia kama nyongeza. Justiniani aliijengea kuta za graniti katika karne ya 6 kuzunguka mahali ambapo wakaapweke walikuwa wakiabudu tayari, na maisha ya kitawa hayajakatika tangu hapo. Mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wageni huruhusiwa asubuhi tu, kwa kawaida kuanzia saa tatu hadi kabla ya saa sita. Jumapili na sikukuu kubwa za Waorthodoksi milango hufungwa kwa watalii, na Ijumaa muda hubanwa au hufutwa. Kosa la kawaida la wapangaji wa safari ni kuweka mpando usiku wa Jumamosi, ukidhani Jumapili asubuhi ndiyo siku njema ya hija. Unashuka unakuta mlango umefungwa. Angalia pia tarehe ya Pasaka ya Waorthodoksi, ambayo mara nyingi hailingani na ya Wakatoliki na Waprotestanti.

Ndani, mgeni wa kawaida huona sehemu ya mbele ya basilika, kisima cha Musa, na kijiti kinachohusishwa na kile alichokiona Musa kikiwaka moto. Milango ya mbao ya basilika yenye nakshi ni ya karne ya 6, ile ile. Juu ya altare kuna mozaiki ya Kugeuka Sura kwa Bwana, ya karne hiyo hiyo, lakini ikonostasi, yaani ukuta wa ikoni (picha takatifu) uliojengwa baadaye mbele ya altare, huificha sana. Sogea upande, inua macho juu ya msalaba mkubwa, ndipo utaona sehemu yake. Mabaki ya Mtakatifu Katerina yamehifadhiwa karibu na altare. Kikanisa cha Kijiti Kiwakacho, kilicho nyuma ya altare, ambako watu huingia bila viatu kwa kufuata agizo la Kutoka 3, hakifunguliwi kwa watalii wa asubuhi. Kijiti chenyewe kinaonekana nje, ni mmea mkubwa wa miiba unaoning'inia juu ya ukuta wa mawe, na kukata majani yake ni marufuku. Hapo ndipo msongamano huwa mbaya kuliko kilele. Nenda kwanza makumbusho, ambayo yana tiketi yake, kisha urudi kwenye kijiti watu wakipungua. Tiketi hiyo inalipa: kuna ikoni za kale na hati za mkono kutoka maktaba yenye maelfu ya miswada, monasteri ile ile ilimokuwa Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4 iitwayo Codex Sinaiticus kabla ya kuchukuliwa Ulaya katika karne ya 19.

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Mlangoni hawabishani nawe. Wasio Waorthodoksi hawapewi Komunyo katika liturujia ya watawa. Kikundi kinachotaka zaidi ya ziara ya watalii, kama kusali mbele ya mabaki ya mtakatifu, kiombe kwa barua mapema kupitia kanisa lake, kikitaja idadi ya watu na jina la kiongozi wa kiroho.

Kuhusu mavazi, watu hudhani jangwa ni joto. Desemba hadi Februari kilele hushuka chini ya sifuri na theluji huanguka baadhi ya miaka. Hata Aprili na Oktoba upepo wa alfajiri unauma. Kosa kubwa ni fulana ya pamba: inalowa jasho wakati wa kupanda, kisha inaganda mwilini ukisimama. Vaa nguo ya ndani inayokauka haraka, beba sweta la sufi na koti la kuzuia upepo ndani ya mfuko hadi ngazi za mwisho, na beba fulana kavu ya kubadilisha kileleni kabla jasho halijapoa. Glavu, kofia ya kufunika masikio, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Tochi ya kichwani yenye betri mpya, kwa kila mtu. Pasipoti iwe mwilini, si kwenye begi la basi, kwa sababu vizuizini hukaguliwa zaidi ya mara moja.

Mwenye ugonjwa wa moyo usiodhibitiwa, mjamzito wa miezi ya mwisho, na aliyefanyiwa upasuaji wa goti karibuni wabaki bondeni, na hawatapoteza kila kitu: uwanda wa al-Raha mbele ya mlima, ambako mapokeo huweka kambi ya Waisraeli, unafikika kwa gari, na monasteri iko chini kabisa. Bakshishi ya kiongozi mpe mkononi mwake mwenyewe mwishoni, kila kikundi bahasha moja, kwa sababu ile inayopitia kwa dereva haifiki yote.